Swali moja, majibu mawili: kutafuta hitilafu za hifadhidata ofisi inapobadili toleo la programu

Lori linasubiri kwenye geti la ghala mjini Mbale. Dereva ana karatasi zote, mzigo umeshafungwa turubai, na karani anaandika namba ya gari kwenye kompyuta ili atoe hati ya safari. Programu inajibu kwamba gari hilo halipo. Karani anapiga simu ofisi ya Jinja. Mwenzake anaandika namba ile ile na safari inaonekana mara moja. Data ni moja. Kilichotofautiana ni toleo la programu. Mbale walihamia toleo jipya wiki iliyopita, Jinja bado wanatumia la zamani.

Mfano huu unaweza kuikuta kampuni yoyote yenye ofisi zaidi ya moja kwenye njia ya Mombasa. Mzigo ukishavuka Malaba, barabara moja huelekea Jinja kwa kupitia Bugiri na Iganga, nyingine huelekea Mbale kwa kupitia Tororo. Ofisi zote mbili husoma orodha moja ya safari, na kila moja huitegemea ili kumlipa dereva, kumdai mteja na kujua kontena ipi inatakiwa kurudishwa bandarini. Orodha ikijibu vibaya, lori hukaa, siku za kontena huhesabiwa, na safari moja inaweza kulipwa mara mbili au isidaiwe kabisa.

Makala hii inaeleza hitilafu zinazojitokeza mara nyingi pale swali lililokuwa likifanya kazi kwenye toleo la zamani linapoharibika kwenye toleo jipya, na namna ya kuzitafuta bila kuharibu data.

MANENO YATAKAYOTUMIKA

Hifadhidata ni mahali programu inapoweka kumbukumbu zake: safari, magari, wateja, malipo. Ndani yake kuna majedwali. Kila jedwali lina mistari, mmoja kwa kila safari, na safu, moja kwa kila habari, kama vile namba ya gari, tarehe au kilo. Swali ni amri ambayo programu huituma kwa hifadhidata ili kupata jibu, kwa mfano: nipe safari zote za mteja huyu za mwezi wa tatu. Maswali hayo huandikwa kwa lugha iitwayo SQL. Toleo ni namba ya programu ya hifadhidata, kama MySQL 5.7 au MySQL 8.0.

HITILAFU ZA AINA TATU

1. Swali linakataliwa. Kioo kinaonyesha ujumbe wa kosa na namba yake. Hii ndiyo aina nyepesi, kwa sababu kila mtu anaona kwamba kuna tatizo.

2. Swali linajibu tupu. Hakuna kosa lolote kwenye kioo, ila gari, kontena au mteja anayejulikana kuwapo haonekani.

3. Swali linajibu uongo. Ripoti inatoka ikiwa safi, lakini jumla si sahihi au tarehe si yenyewe. Aina hii ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa inaweza kukaa miezi mingi hadi mteja alalamike.

HATUA ZA KWANZA

Kabla fundi hajagusa chochote, ofisi ifanye mambo manne.

Kwanza, ichukuliwe nakala ya akiba ya hifadhidata nzima na iwekwe nje ya kompyuta hiyo.

Pili, toleo la kila ofisi lijulikane kwa hakika, si kwa kukisia. Kwenye MySQL na PostgreSQL amri ni hii:

SELECT VERSION();

Tatu, itafutwe safari moja ambayo karatasi zake zipo mezani, kisha swali lile lile liulizwe kwenye matoleo yote mawili. Majibu yote mawili yaandikwe kwenye karatasi pamoja na tarehe na saa.

Nne, data isirekebishwe kwa mkono. Karani akiona gari halipo, hushawishika kuliandika upya ili lori liondoke. Kesho yake kuna magari mawili yenye namba moja, na hesabu ya malipo inagawanyika. Kama lori haliwezi kusubiri, hati iandikwe kwa mkono na kuingizwa baadaye.

NAFASI TUPU MWISHONI MWA NAMBA

Hii ndiyo sababu mojawapo ya lori la mfano wetu kutoonekana. Tuseme karani aliandika "UAX 000X" kisha akabonyeza nafasi moja zaidi bila kujua. Jicho halioni nafasi hiyo, lakini hifadhidata imeihifadhi.

Mipangilio ya herufi iliyozoeleka kwenye matoleo ya zamani ya MySQL hupuuza nafasi tupu za mwishoni inapolinganisha maneno. Toleo la 8.0, lililotoka Aprili 2018, lilikuja na mpangilio mpya wa kawaida uitwao utf8mb4_0900_ai_ci. Mpangilio huo huihesabu nafasi ya mwishoni kuwa herufi kamili. Jedwali likigeuzwa kwenda mpangilio huo, namba yenye nafasi na namba isiyo na nafasi huwa vitu viwili tofauti, na swali hujibu tupu.

Kuhakikisha, fundi aombe urefu wa namba:

SELECT namba_ya_gari, LENGTH(namba_ya_gari) FROM magari;

Namba ya herufi 8 ikionyesha 9, kisa kimepatikana. Dawa ni kusafisha safu yote kwa TRIM baada ya kuchukua nakala ya akiba, na kuiwekea fomu ya kuandikia kinga ya kuondoa nafasi hizo yenyewe. Aidha, ofisi iamue kama namba huandikwa kwa nafasi katikati au bila nafasi. "UAX 000X" na "UAX000X" hazilingani kwenye toleo lolote, la zamani wala jipya.

NAMBA YA KONTENA ILIYOKATWA MKIA

Namba ya kontena ya kimataifa ina herufi 4 na tarakimu 7, jumla 11. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zile zilizotangulia. Kama aliyetengeneza jedwali aliipa safu hiyo nafasi 10 tu, MySQL ya zamani ambayo haikuwekewa masharti makali ilikubali namba, ikakata tarakimu ya mwisho na kuendelea kimya kimya.

Tangu toleo la 5.7, lililotoka Oktoba 2015, masharti makali huwashwa tangu mwanzo. Sasa programu inakataa kuhifadhi na kutoa kosa namba 1406. Watumiaji hudhani toleo jipya limeharibika, kumbe ndilo la kwanza kusema kweli. Dawa ni kuongeza upana wa safu. Namba za zamani zilizokatwa zisirudishwe kwa kubahatisha. Zisomwe upya kwenye hati. PIN ya mlipa kodi wa Kenya nayo ina alama 11, kwa hiyo safu yake ikaguliwe vilevile.

TAREHE

Tarehe huleta shida kwa njia nne.

Siku na mwezi kubadilishana. Ofisi nyingi ndogo zilianza na Microsoft Access. Ndani ya maswali ya SQL ya Access, tarehe iliyofungwa kwa alama za # husomwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia. Mtu akiandika #03/04/2024# akimaanisha tarehe 3 Aprili, Access husoma tarehe 4 Machi. Akiandika #13/04/2024#, Access huona hakuna mwezi wa 13, hugeuza yenyewe na kujibu sawasawa. Ndiyo maana ripoti hukosea siku 12 za kwanza za mwezi na kupona kuanzia tarehe 13. Kuandika mwaka kwanza, yaani 2024-04-03, huondoa utata huo.

Siku ya mwisho wa mwezi kupotea. Toleo la zamani la programu ya ofisi liliweka tarehe peke yake. Jipya likaongeza na saa. Swali la BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31' sasa linaishia saa 6 kamili za usiku unaoingia tarehe 31. Malori yote yaliyotoka mchana wa siku hiyo hayamo. Swali liandikwe hivi: kuanzia 2024-03-01 na pungufu ya 2024-04-01.

Tarehe za sifuri. Safari isiyorudi bado iliwekewa 0000-00-00. Masharti makali ya MySQL 5.7 na kuendelea huzikataa tarehe hizo, mara nyingi kwa kosa namba 1292. Safu iachwe wazi, yaani NULL, na swali litumie IS NULL kutafuta magari yaliyo njiani.

Saa za seva. Uganda na Kenya zote ziko saa 3 mbele ya saa ya dunia, UTC. Programu ikihamishiwa kwenye seva ya nje iliyowekwa UTC, lori lililotoka getini saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili huandikwa 23:00 ya tarehe 31 Machi. Safari imehamia mwezi mwingine na ankara nyingine. Fundi ahakikishe seva na programu zinatumia saa za Afrika Mashariki. Makarani nao waandike saa kwa mtindo wa saa 24: saa 8 usiku ni 02:00, saa 8 mchana ni 14:00.

SIFURI YA MBELE NA NAMBA ZA USHURU

Kahawa ya arabika inayotoka miteremko ya Mlima Elgon na kukusanywa Mbale huandikwa forodhani kwa namba 0901.11.00 ikiwa haijakaangwa wala kuondolewa kafeini. Safu ya ushuru ikifanywa kuwa ya namba za kuhesabia, au faili ikifunguliwa kwanza kwenye Excel, sifuri ya mbele huanguka. 09011100 inabaki 9011100, tarakimu 7 badala ya 8. Toleo lililohifadhi maneno na toleo lililohifadhi namba hayatakutana tena.

Baadhi ya hifadhidata zilisamehe jambo hili zamani. PostgreSQL kabla ya 8.3 ilikubali kulinganisha neno na namba kwa kujigeuzia yenyewe. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008 inakataa. Kanuni ni rahisi: kitu ambacho hakijumlishwi wala hakizidishwi, kama namba ya ushuru, TIN, simu au kontena, kihifadhiwe kama maneno.

Isitoshe, orodha ya ushuru yenyewe ina matoleo. Orodha ya dunia ilibadilishwa mwaka 2017 na tena 2022, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia toleo lake la 2022 tarehe 1 Julai 2022. Simu za mkononi zilizokuwa 8517.12 ziligawanywa: simu janja zikawa 8517.13 na simu nyingine 8517.14. Ripoti inayounganisha safari za zamani na orodha mpya kwa JOIN ya kawaida huzitupa safari zote ambazo namba yake haipo tena, bila onyo. Itumike LEFT JOIN ili mistari isiyo na mwenzi ionekane, na kila safari iwekewe mwaka wa orodha iliyotumika.

JUMLA NA MPANGILIO WA RIPOTI

Swali lifuatalo linapatikana kwenye programu nyingi za zamani:

SELECT mteja, namba_ya_gari, SUM(kilo) FROM safari GROUP BY mteja;

Linaomba jumla ya kilo kwa kila mteja, na hapo hapo linaomba namba ya gari. Mteja akiwa na malori matatu, ni gari lipi lionyeshwe? MySQL ya zamani ilichagua lolote. Kilo zilikuwa sahihi, lakini zilionekana kana kwamba zimebebwa na gari moja. Kwa mwenye magari anayelipwa kwa kilo, huo ni ugomvi. Kuanzia mfululizo wa 5.7, swali hili hukataliwa kwa kosa namba 1055.

Dawa ya kweli ni kuongeza namba_ya_gari kwenye GROUP BY, au kuiondoa kwenye ripoti. Wapo mafundi wanaozima sharti la ONLY_FULL_GROUP_BY ili kosa lipotee. Ujumbe unapotea, gari la kubahatisha linarudi. Kama lazima sharti lizimwe ili kazi iendelee, iandikwe siku lilipozimwa na siku litakapowashwa.

Jambo la pili ni mpangilio. Matoleo ya zamani yalipanga matokeo ya GROUP BY kwa alfabeti yenyewe. MySQL 8.0 iliacha kufanya hivyo. Orodha ikitoka imechanganyika, hakuna data iliyopotea. Iongezwe ORDER BY.

MAJINA NA ALAMA

Kuhama kutoka Windows kwenda Linux. Kwenye Windows, MySQL huona "Safari" na "safari" kuwa jedwali moja. Kwenye Linux, kwa kawaida ni majedwali mawili, na swali hukataliwa kwa kosa namba 1146.

Maneno yaliyochukuliwa. MySQL 8.0 ilijiwekea maneno mapya, kama RANK, GROUPS na SYSTEM. Jedwali lililokuwa na safu yenye jina hilo huleta kosa namba 1064. Jina libadilishwe au lifungwe kwa alama maalumu za nukta ya nyuma.

Alama ya kutafutia. Ndani ya dirisha la kawaida la Access, kutafuta magari yanayoanza na UA hutumia nyota: UA*. Swali hilo hilo likitumwa kutoka ukurasa wa intaneti kwa njia ya ADO, au likihamishiwa MySQL, nyota haina maana. Alama ni UA%. Jibu huwa tupu bila kosa.

Lugha ya kurasa. Programu zilizoandikwa kwa PHP kwa amri zinazoanza na mysql_ hazifanyi kazi tangu PHP 7.0 ya Desemba 2015, kwa kuwa amri hizo ziliondolewa. Hapo hifadhidata haina kosa. Programu yenyewe lazima iandikwe upya sehemu hiyo.

NAMBA ZA MAKOSA KWA UFUPI (MySQL)

1055: safu imeombwa kwenye ripoti lakini haipo kwenye GROUP BY.
1064: swali limeandikwa vibaya, au limetumia neno lililochukuliwa na toleo jipya.
1146: jedwali halionekani, angalia herufi kubwa na ndogo.
1267: majedwali mawili yana mipangilio tofauti ya herufi na hayawezi kulinganishwa, mara nyingi moja ni la zamani na jingine limetengenezwa kwenye 8.0.
1292: tarehe haikubaliki.
1406: neno au namba ni ndefu kuliko safu.

Karani anayempigia fundi simu amtajie namba ya kosa, saa lilipotokea na alichokuwa akitafuta. Namba hiyo hufupisha kazi kuliko maelezo kwamba kompyuta imegoma.

DATA INAYOTOKA NJE YA OFISI

Mifumo ya forodha nayo imebadilika. Kenya ilianza kutumia mfumo wa Simba mwaka 2005 na baadaye ikahamia iCMS. Uganda ilitoka ASYCUDA++ ikaenda ASYCUDA World, programu iliyotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD. Ofisi ya msafirishaji haiwezi kuuliza hifadhidata hizo moja kwa moja. Hupata faili au karatasi kupitia wakala wa forodha.

Kwa hiyo faili la zamani na faili jipya visitarajiwe kufanana. Kila faili liingizwe kwanza kwenye jedwali la muda, lihesabiwe mistari, likaguliwe tarehe na sifuri za mbele, ndipo liunganishwe na safari. Namba ya hati ya forodha ikikosekana ofisini, ihakikiwe kwanza kwa wakala kabla ya kulaumu programu.

KABLA YA KUZIMA TOLEO LA ZAMANI

Matoleo ya zamani hayawezi kutumiwa milele, MySQL 5.7, kwa mfano, iliacha kupewa marekebisho Oktoba 2023. Lakini kuhama kufanyike kwa majaribio. Ofisi ichague safari 10 zenye karatasi kamili, kutoka Jinja na Mbale, na kati ya hizo ziwemo:

- safari iliyotoka siku ya mwisho wa mwezi, mchana;
- safari iliyotoka getini usiku wa manane;
- safari ya tarehe iliyo kati ya 1 na 12;
- mzigo wa kahawa au bidhaa nyingine yenye namba ya ushuru inayoanza na sifuri;
- kontena moja, namba yake yote 11;
- mteja mwenye magari zaidi ya moja;
- lori ambalo halijarudi.

Maswali yote ya kila siku yaulizwe kwa safari hizo kwenye toleo la zamani na jipya, na majibu yalinganishwe na karatasi. Matoleo mawili yakikubaliana bila kukubaliana na karatasi, yote mawili yamekosea. Baada ya hapo ifungwe hesabu ya mwezi mmoja kamili kwa matoleo yote mawili: idadi ya safari, jumla ya kilo, jumla ya ankara. Zikilingana, toleo la zamani lizimwe, na nakala yake ya akiba ihifadhiwe. Zisipolingana, ofisi zote mbili ziendelee kutoa hati kutoka toleo moja tu, la zamani, hadi sababu ipatikane. Jinja na Mbale zisiachwe zikifanya kazi kwenye matoleo mawili kwa wakati mmoja, maana hapo hakuna atakayejua kwa hakika ni lori gani limelipwa.